Laptopu Imechoka au Imefika Mwisho? Mwongozo Kamili wa Kupima, Kuboresha na Kujua Lini Ununue Nyingine

Laptopu nyingi hapa Dodoma huachwa wakati bado zina miaka kadhaa ya kazi. Mwenye nayo anaona inachelewa kuwaka, inachemka, na chaja ikichomolewa inazima hapohapo, basi anasema imezeeka na kuanza kutafuta hela ya nyingine. Kuna na zile zinazong'ang'aniwa: leo bawaba, kesho kioo, keshokutwa bodi, mpaka gharama za fundi zinapita bei ya mashine nzuri zaidi. Makosa yote mawili yana chanzo kimoja, nacho ni kuamua bila kupima. Tenga saa moja, chukua karatasi na kalamu, na uandike kila namba utakayoikuta njiani.

Laptopu hudumu muda gani hasa

Laptopu ya kawaida ya plastiki hukaa miaka 3 hadi 5 kabla haijaanza kumsumbua mwenyewe. Zile za kiofisi, kama Latitude za Dell, ThinkPad za Lenovo na EliteBook za HP, zina bawaba imara, nyingi hufunguka kwa skrubu chache, na spea zake zinapatikana. Kwa hizo miaka 7 au 8 si ajabu. Ndizo zilizojaa kwenye maduka ya laptopu zilizotumika, kwa sababu makampuni ya Ulaya na Marekani huzibadilisha kila baada ya miaka 3 au 4, kisha zinaingia sokoni na kufika kwetu.

Kwa hiyo umri wa laptopu uhesabu tangu ilipotengenezwa. Mtu anaweza kusema "hii ni ya mwaka juzi tu" kumbe prosesa yake, yaani ubongo wa laptopu, ilitoka mwaka 2015.

Dodoma ina mambo matatu yanayokula laptopu haraka. La kwanza ni vumbi. Mvua zetu ni za msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili, na miezi iliyobaki ni ukavu na upepo. Ukiishi kwenye viwanja vipya ambako barabara bado ni za udongo, Nzuguni au Nkuhungu kwa mfano, feni ya laptopu yako inavuta vumbi kila inapozunguka. La pili ni joto la Oktoba na Novemba kwenye chumba cha bati kisicho na dari. La tatu ni umeme. Ukikatika wenyewe hauna madhara makubwa kama betri ni nzima, maana laptopu inaendelea kuwaka. Shida ni unaporudi kwa kishindo na kuipiga chaja. Na kama betri imekufa, kila umeme ukikatika laptopu inazima ghafla katikati ya kuandika kwenye diski. Baadhi ya diski za kuzunguka huharibikia hapo, na mwenyewe analaumu virusi.

Hatua ya 1: Jua ulichonacho

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, kisha Enter. Andika modeli ya laptopu, jina kamili la prosesa na kiasi cha RAM, yaani kumbukumbu ya muda inayobeba programu zilizo wazi.

Jina la prosesa ndilo linalobeba siri kubwa. Kwa Intel, angalia namba baada ya kistari. i5-6300U ni kizazi cha 6, kilichotoka 2015. i5-7200U ni cha 7, na i5-8250U ni cha 8, kilichotoka 2017. Namba ikianza na 10, 11 au 12, ndicho kizazi chenyewe. Usidanganyike na neno i7 peke yake: kwenye laptopu nyembamba, i7 ya kizazi cha 7 ina kore (vichwa vya kufanyia kazi) 2 tu, wakati i5 ya kizazi cha 8 ina kore 4. Muuzaji akikwambia "hii ni i7, moto wa kuotea mbali", muulize kizazi.

Hatua ya 2: Hamisha kazi zako kwanza

Kabla bisibisi haijagusa kitu, nakili mafaili yako kwenye diski ya nje na yale ya lazima kabisa kwenye hifadhi ya mtandaoni. Kama uko kwenye tasnifu, usiruke hatua hii hata kama una haraka.

Hatua ya 3: Pima betri

Fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport kisha Enter. Windows itatengeneza ripoti na kukuonyesha ilipohifadhiwa. Ifungue kwa kivinjari na utafute mistari miwili: Design Capacity, yaani uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, na Full Charge Capacity, yaani inachoweza kubeba leo ikijaa. Tuseme wa kwanza unasoma 48,000 na wa pili 19,200. Gawanya wa pili kwa wa kwanza, zidisha kwa 100: betri imebaki na asilimia 40.

Betri nyingi za lithiamu hufika asilimia 80 baada ya kuchajiwa kikamilifu mara 300 hadi 500. Kati ya 60 na 80 bado unaishi nayo. Ikishuka chini ya 50, na unafanya kazi sehemu ambayo umeme si wa uhakika, badilisha. Betri ni kifaa cha kuisha kwa asili yake, haina uhusiano na afya ya mashine nzima.

Ukinunua betri mpya, rudia ripoti hiyo siku hiyohiyo. Namba mbili zile zinatakiwa kukaribiana sana. Zikiachana mbali, umeuziwa betri iliyovalishwa ganda jipya, irudishe dukani wakati risiti bado iko mkononi.

Ili idumu, usiiache imejaa asilimia 100 kwenye chaja mchana kutwa, hasa kipindi cha joto. Laptopu nyingi za kiofisi zina sehemu ya kuweka kikomo cha kuchaji, kama asilimia 80, kwenye programu ya kampuni au kwenye BIOS, yaani mipangilio ya mashine inayofunguliwa kabla Windows haijawaka. Iwashe. Na umeme ukikatika, chomoa chaja ukutani, usubiri urudi na utulie dakika chache ndipo uchomeke tena.

Ukiona sehemu ya chini imetuna, au kibao cha panya (touchpad) kimeinuka, betri imevimba. Zima, usichaji tena, usiibonyeze wala kuitoboa, ipeleke kwa fundi leo.

Hatua ya 4: Toa vumbi, shusha joto

Mwalimu mmoja wa sekondari kutoka Kongwa aliniletea laptopu yake wakati wa likizo. "Shikamoo mwalimu." "Marahaba mwanangu. Hii imekwisha, nitafutie nyingine." Ilikuwa inazima yenyewe kila akifungua faili la matokeo. Tulipofungua mfuniko wa chini, kati ya feni na mapezi ya kupozea palikuwa na utando wa vumbi jekundu uliogandamana kama blanketi, mzito kiasi cha kubanduliwa kwa kibanio mzima mzima. Hewa haikuwa na pa kupita. Prosesa ilikuwa inafika nyuzi 97 na laptopu ikijizima kujiokoa. Baada ya kusafisha na kubadilisha pesti ya kupitisha joto, faili lilelile lilifunguka prosesa ikiwa nyuzi 68. Mwalimu alirudi Kongwa na laptopu yake.

Pima yako kwa programu ya bure kama HWiNFO au Core Temp. Fungua video na madirisha kadhaa, acha dakika 20. Chini ya nyuzi 80 ni salama. Ikikaa kwenye 90 na kuendelea, prosesa inajipunguzia spidi yenyewe, na huo uzito unaoulalamikia unaweza kuwa joto tupu.

Kusafisha kunahitaji bisibisi ndogo, brashi laini na hewa ya kupuliza. Zima kabisa, chomoa chaja, fungua mfuniko, na chomoa waya wa betri kwenye bodi kabla ya chochote kingine. Shika feni kwa kidole isizunguke unapopuliza, maana blowa kali inaweza kuizungusha kupita kiasi na kuiharibu. Puliza mapezi kutoka upande wa nje kuelekea ndani, kisha toa utando kwa kibanio. Kama laptopu ina zaidi ya miaka 3, hapohapo badilisha pesti ya kijivu iliyo kati ya prosesa na bomba la shaba. Ikishakauka haipitishi joto vizuri. Kama hujawahi kufungua laptopu, mpe fundi, lakini kaa uangalie. Kwa mazingira yetu fanya hivi mara moja kwa mwaka, na wakati mzuri ni Novemba, baada ya kiangazi kumaliza kazi yake.

Na acha kuitumia kitandani. Godoro linaziba matundu ya hewa ya chini.

Hatua ya 5: Diski na RAM, mahali panapofufua laptopu

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda Performance. Washa programu unazotumia kila siku kisha soma namba mbili, ya Disk na ya Memory.

Kama Disk inakaa kwenye asilimia 100 hata ukiwa hufanyi kitu kikubwa, na pembeni pameandikwa HDD, yaani diski ya kuzunguka, umepata mchawi wako. Diski ya kuzunguka ya laptopu husoma takriban megabaiti 100 kwa sekunde ikiwa na afya, na kwa mafaili madogomadogo yaliyotawanyika inashuka mbali chini ya hapo. SSD, diski ya kisasa, ile ya kawaida inayotumia kiunganishi cha SATA husoma kama 500, na haina sehemu inayozunguka, hivyo haiumii kwa mtikisiko wa bajaji. Hakuna hela utakayoitia kwenye laptopu ya zamani ikakurudishia kama hii. Laptopu iliyokuwa ikiwaka kwa dakika tatu itawaka kwa sekunde chache, na wengi wakishaiona hali hiyo wanaahirisha habari ya kununua nyingine.

Angalia aina inayoingia kwenye mashine yako kabla ya kulipa. Zile za zamani zinachukua SSD ya SATA ya inchi 2.5, inayokaa palepale penye diski. Nyingine zina nafasi ya M.2, na hapo kuna SATA na NVMe, umbo linafanana lakini hazibadilishani kila mahali. Piga picha nafasi yenyewe, au peleka namba ya modeli dukani. Nunua jina linalojulikana. Ziko SSD bandia zinazojitangaza terabaiti 2 huku ndani zikiwa na sehemu ndogo tu ya hiyo, na mafaili yanapotea zikijaa. Programu ya H2testw hupima ukubwa halisi.

RAM ni rahisi zaidi. Gigabaiti 4 leo hazitoshi, kivinjari chenye madirisha sita kinazimaliza. Gigabaiti 8 zinamtosha anayeandika, anayefundisha, au ofisa manunuzi anayeshinda ndani ya NeST, mfumo wa manunuzi ya umma, kwa sababu unafunguka ndani ya kivinjari. Gigabaiti 16 ni kwa wanaochora AutoCAD, wanaohariri video, au wanafunzi wa Chuo cha Mipango wanaofanya ramani kwa QGIS. Kwenye Performance, ukibonyeza Memory utaona nafasi ngapi zimetumika. Vizazi vya Intel vya 4 na 5 huwa na RAM ya aina ya DDR3L, kuanzia cha 6 nyingi ni DDR4, na haziingiliani. Baadhi ya laptopu nyembamba RAM imechomelewa kwenye bodi na haiongezeki kabisa, hilo ulijue mapema.

Ukishafunga SSD mpya, piga Windows upya badala ya kunakili ile ya zamani na takataka zake. Itakuchukua jioni moja.

Hatua ya 6: Angalia mpaka wa usalama

Hapa ndipo laptopu nzima yenye nguvu inaweza kufika mwisho bila kuharibika. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Inaendelea kuwaka, lakini mianya mipya ya usalama haizibwi tena, isipokuwa kwa mtu binafsi aliyejiandikisha kwenye nyongeza ya mwaka mmoja inayoishia 13 Oktoba 2026. Windows 11 nayo inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama), angalau gigabaiti 4 za RAM, na prosesa ya Intel kuanzia kizazi cha 8, au kwa AMD, Ryzen za laptopu kuanzia mfululizo wa 3000. Karibu zote za Intel za kizazi cha 7 kurudi nyuma zimeachwa nje.

Andika winver kwenye lile dirisha la Windows na R ujue uko kwenye toleo gani. Kisha pakua PC Health Check ya Microsoft, ikwambie kama mashine yako inapokelewa. Wakati mwingine TPM ipo ila imezimwa kwenye BIOS, na kuiwasha ni kazi ya dakika mbili.

Kama imekataliwa, mafundi wengi watakupigia Windows 11 kwa njia ya kuruka masharti. Inafanya kazi, ila Microsoft haikuhakikishii masasisho kwenye mashine ya namna hiyo. Mimi siishauri kwa mtu anayeingia benki au anayeshika taarifa za watu kwenye laptopu hiyo. Afadhali Linux Mint, ni ya bure, nyepesi, ina LibreOffice, na kwa mwanafunzi anayeandika na kusoma inatosha kabisa. Asiyeweza kuacha programu za Windows, kama SPSS aliyoizoea au mfumo wa uhasibu wa ofisini, huyo ndiye anayepaswa kuanza kuweka akiba ya nyingine.

Wenye MacBook nao wana mpaka wao: macOS Tahoe ya 2025 ndiyo ya mwisho kukubali Mac zenye prosesa za Intel.

Hatua ya 7: Piga hesabu

Sasa una karatasi yenye namba. Orodhesha kila kinachohitajika, pata bei kwa mafundi wawili au watatu mjini, ujumlishe. Kisha ulizia bei ya laptopu ambayo ungeinunua kweli, siyo ile ya ndotoni. Jumla ya matengenezo ikipita nusu ya bei hiyo, acha.

Lakini usiitumie kanuni hiyo kijinga. Laptopu ya kizazi cha 8, bodi nzima na kioo kizima, inayotaka SSD, RAM na betri kwa pamoja, tengeneza hata kama unakaribia nusu, kwa sababu utakuwa na mashine ya miaka mingine mitatu au minne. Laptopu ya kizazi cha 5 ambayo bodi imeungua usiitie hata senti, kwani bodi ikishachomelewa mara moja kwenye mashine ya umri huo, mara nyingi hitilafu hurudi. Kioo kilichopasuka kinategemea umri wa vingine vyote. Tundu la chaja lililolegea ni matengenezo ya kawaida. Bawaba iliyoanza kukaza ishughulikie mapema, wiki hii kama unaweza, kwa kuwa ikiachwa inang'oa plastiki, na baadaye inakata waya wa kioo. Ukarabati mdogo unageuka mkubwa.

Hatua ya 8: Kama ni lazima ununue

Kwa bajeti ya wengi wetu, iliyotumika ya kiofisi yenye i5 ya kizazi cha 8 au zaidi, RAM ya gigabaiti 8 inayoongezeka, na SSD ya gigabaiti 256, inaishinda laptopu mpya ya boksi ya bei ya chini yenye prosesa dhaifu ya Celeron na hifadhi ya eMMC ya gigabaiti 64. Hiyo ya boksi inavutia, ina harufu ya upya, lakini hifadhi yake imechomelewa, masasisho ya Windows peke yake yanaijaza, na mwaka haujaisha mwanafunzi anaanza kulia nayo. Naumia kila ninapomwona mzazi wa kijijini amejinyima kumnunulia mtoto wa mwaka wa kwanza UDOM mashine ya aina hiyo.

Dukani usione aibu kukaa nayo nusu saa. Endesha ile ripoti ya betri na uone kizazi cha prosesa. Ingia BIOS: ikidai nywila asiyoijua muuzaji, iache, huenda kampuni iliyoimiliki haikuifungua au ina mwenyewe. Linganisha namba ya utambulisho ya laptopu (serial number) iliyo ndani ya BIOS na ya kwenye kibandiko. Fungua ukurasa mweupe utafute madoa kwenye kioo, andika kila herufi ya kibodi, jaribu kamera, spika, kila tundu na Wi-Fi. Cheza video dakika 20 usikilize feni. Dai risiti ya EFD, na muda wa waranti uandikwe humo. Ahadi ya mdomo haitakusaidia ikigoma wiki ijayo.

Anayekuletea kutoka Kariakoo apimiwe kwa masharti hayohayo. Treni ya SGR imefanya safari ya Dar kuwa nyepesi, kwa hiyo kama bei ya huko ina nafuu ya maana, nenda ukaipime mwenyewe badala ya kuagiza kwa picha ya WhatsApp.

Hatua ya 9: Laptopu ya zamani

Kabla ya kuiuza au kumpa mdogo wako, ondoka kwenye akaunti zako zote, kisha nenda Settings, Recovery, Reset this PC, chagua Remove everything, na kwenye mipangilio ya ziada washa Clean data. Kwa diski ya kuzunguka kazi hii huchukua saa kadhaa, iache kwenye chaja. Kufuta mafaili na kumwaga tu pipa la taka hakutoshi, yanarudishwa kwa programu za bure.

Ikiwa haiwaki tena, toa diski na RAM. Diski ikitiwa kwenye kasha la USB inakuwa hifadhi ya nje, na RAM inaweza kumfaa mwenye modeli inayofanana. Betri usiichome moto na usiitupe kwenye jalala la mtaani wanakochezea watoto. Mwachie fundi anayekusanya betri chakavu, ncha zake ukiwa umezifunika kwa selotepu.